Kuogelea Iwe Siku ya Mwisho

Siku Chenge alipoanza kutokuwepo ilikuwa Jumapili, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe letu pale mwambao wa ziwa, Mkuyuni ya Mwanza, nimevaa gauni la kijani alilolipenda, nikimsubiri aje tupange habari za Unguja.

Hakuwa mtu wa kuchelewa. Kila Jumapili nilipotoka misa nilimkuta ameshafika, amekaa upande wenye kivuli, na redio yake ndogo pembeni imezungushiwa mpira kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea. Siku hiyo jiwe lilikuwa tupu. Nikajisemea labda amepata mteja asiyeweza kungoja. Nikala nusu ya karanga zangu, nusu nikamwekea. Wanawake waliokuwa wakifua pale chini walianua nguo zao, wakaniaga, na mmoja akanitania kwamba leo bwana amepata jiwe jingine. Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka.

Wakati nacheka alikuwa ameshakufa. Alikuwa nyuma ya mawe ya upande wa Butimba, mahali ambapo ukikaa kwenye jiwe letu huwezi kupaona, na maji yalikuwa yamemchukua tangu asubuhi. Wavuvi walimtoa kesho yake.

Niseme kwanza Unguja ilitujia vipi, kwa sababu mtu akisikia kwamba fundi redio wa Mkuyuni na mshona nguo walikuwa wakipanga safari ya Unguja ataona ni maringo.

Ilitujia kwa redio. Chenge alikuwa na kibanda pale sokoni, na mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka lililotazamana nacho. Ilikuwa miaka ile vitu vya nje vilipoanza kumiminika, redio za kila rangi, nyingine hazimalizi mvua mbili zinaletwa kwake zimekufa. Akishazifungua na kuzifunga alizijaribu kwa kutafuta stesheni za mbali, na aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya Zanzibar. Ikishika, alikuwa ananiita.

"Fundi, njoo usikie kwenu."

"Kwetu Bukoba."

"Basi njoo usikie kwa watu."

Nikawa navuka barabara na sindano mdomoni. Tulisikiliza taarabu, salamu za wagonjwa, matangazo ya meli, na mtangazaji mwenye sauti ya polepole aliyesoma majina ya mitaa tusiyoijua. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona bahari. Ndiyo sababu tuliweza kuipanga tunavyotaka.

Hatukuandika popote. Tulipanga kwa mdomo, Jumapili kwa Jumapili, na kila mmoja alikumbuka pale tulipoishia. Tungeamka mapema tukaone ile milango ya mbao yenye misumari ya shaba, kwa sababu alitaka kujua mtu anapigaje msumari mkubwa hivyo mbao isipasuke. Mimi ningekula pweza. Yeye alisema mnyama asiye na mfupa si chakula, lakini angekaa karibu aniangalie. Tungetembea mjini tumeshikana mikono, mahali ambapo hakuna mtu wa kwenda kumwambia baba yangu. Na jambo la kwanza kabisa tukifika pwani, angechota maji kwa kiganja ayaonje, maana hakuamini kwamba maji mengi namna ile yanaweza kuwa hayanyweki.

"Sasa ng'ombe wao wanakunywa nini?" aliniuliza siku moja, na hakuwa anatania. Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeletewa redio asiyoijua.

Kitu kimoja tu hatukukubaliana. Mimi nimezaliwa Kemondo, kando ya ziwa kule Bukoba, nimeogelea kabla sijaanza shule, na kwangu mji wenye ufukwe ni mahali pa kuingia majini. Yeye kila mara alikisogeza mbele.

"Siku ya kwanza tuogelee," nilikuwa namwambia.

"Siku ya kwanza tutakuwa tumechoka na treni."

"Ya pili, basi."

"Ya pili ni milango."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu pweza wako. Kuogelea iwe siku ya mwisho, Jovitha. Mimi hata nyama naiacha mwisho wa sahani."

"Au unaogopa maji?"

"Mtu wa Mwanza niogope maji?"

Alilisema hilo akiangalia redio, akizungusha kile kitufe taratibu kama anatafuta stesheni, wakati stesheni ilikuwa imeshika vizuri.

Baba yangu, Mzee Kahigwa, alikuwa karani wa bandari mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu aliendelea kuchomekea shati akikaa kwake. Chenge alipokuja nyumbani kujitambulisha alifuatana na baba yake mdogo, Mzee Shimba, kutoka Usagara. Baba yake mzazi alikuwa ameshafariki. Walikaa kwenye makochi ya sebuleni, Mzee Shimba kofia mkononi, na baba akawauliza maswali kwa upole ule ule aliokuwa akiwauliza watu wasio na tiketi.

Aliuliza Chenge amesoma mpaka wapi. Akauliza kama kutengeneza redio ni kazi au ni kitu cha kufanya mtu akisubiri kazi. Mzee Shimba akasema wao wana ng'ombe, na hawakuja mikono mitupu. Baba akasema ng'ombe ni wazuri, hata yeye anawapenda, hasa wakiwa na chumvi na ndizi. Wajomba zangu wakacheka. Chenge naye alicheka kidogo, kwa adabu.

Halafu baba akasema, "Sisi kwetu ni ng'ambo. Huyu akifiwa, akiugua, akitaka kumzika bibi yake, lazima avuke ziwa. Atavushwa na nani?"

"Nitamvusha mimi, mzee," Chenge alijibu.

"Wewe unayajua maji?"

Chenge akaitazama kofia ya baba yake mdogo.

"Maana watu wa ng'ombe," baba aliendelea, "ninavyowafahamu mimi, maji mnayajua ya kunyweshea. Meli ikitikisika nani atamshika mwenzake?"

Safari hii nyumba nzima ilicheka, hata mama aliyekuwa akileta chai. Mzee Shimba peke yake hakucheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na niliona Chenge anavyojikuna masikio kama yamepata moto.

"Nayajua, mzee," alisema. "Naogelea vizuri tu."

Basi neno likawa limeshatoka, mbele ya baba, mbele ya baba yake mdogo, na mbele yangu. Na mimi nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Nilifurahi hata, nikasema moyoni, baba amekosa pa kushika.

Baba alikuwa na pa kushika pengine pengi. Baada ya wiki chache alituma jibu kwamba binti yake bado ana mambo ya kujifunza, wageni wasijisumbue. Ndipo tulipoacha kuipanga Unguja kama safari ya baada ya ndoa. Tulikubaliana kwenda Pasaka, mimi na yeye, kwa treni mpaka Dar es Salaam na kwa meli mpaka ng'ambo. Nyumbani ningesema nakwenda Tabora kumshonea rafiki nguo za harusi. Tukirudi, Chenge alisema, baba atakuta mambo yameshakwisha kupangwa na atatafuta namna ya kuyabariki ili asiaibike. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Ilikuwa siri ya watu wawili na jiwe.

Habari zilipofika sokoni kwamba Chenge ametolewa majini, zilifika zikiwa na sababu yake tayari. Nguo zake zilikutwa juu ya mwamba, zimekunjwa, saa ikiwa ndani ya kiatu. Watu wakasema mtu anayekwenda kuoga hakunji nguo hivyo. Amekataliwa na Mzee Kahigwa, wakasema, ameamua kujimaliza. Muuza nyanya mmoja alimwambia mama hayo akimpimia.

Baba alisikia. Alivaa koti. "Nitakwenda kuzika," alisema. "Sitajificha ndani ya nyumba yangu kama mwizi." Akaamuru mimi na mama tufuatane naye Usagara, asubuhi ya mazishi, kwa gari aina ya pikapu ya jirani.

Kabla gari halijaja nilikimbia kibandani. Nilitaka tu kukiona. Nikamkuta Nestory, aliyekuwa akishirikiana naye kibanda kile, yeye akitengeneza pasi na majiko ya umeme. Alikuwa amekaa chini kati ya redio, na aliponiona alisimama kama mtu aliyefumaniwa.

"Shemeji," alisema, "mimi siwezi kwenda Usagara."

Nikamwuliza kwa nini, na yeye rafiki yake.

Aliinama chini ya meza akavuta tyubu ya gurudumu la lori, imepungua upepo, na kamba ya katani imefungwa kwake. Kamba ilikuwa bado mbichi kwa maji.

"Nilikuwa namshikia," alisema. "Kila Jumapili asubuhi kabla hujatoka kanisani. Yeye anaelea na hii, mimi nimesimama kwenye mwamba nimeshika kamba. Alikuwa ameanza kujua miguu. Mikono bado."

Sikuelewa. Nilimwambia Chenge anajua kuogelea.

"Nani kakwambia?"

"Yeye."

Nestory akaitazama tyubu. "Alikuwa hajui hata kidogo, shemeji. Aliniapisha nisikwambie. Alisema anataka siku ukimwona majini umwone anajua. Jumapili hii nilikuwa Misungwi, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada. Nikamwambia asiende. Akasema sawa." Akajifuta uso kwa mkono wenye masizi. "Niliikuta inaelea jana, nikaificha. Watasema nilimwachia kamba."

Nataka nieleze nilichosikia wakati ule, lakini sikusikia huzuni. Nilisikia hasira. Ningemfundisha. Ningemshika kiunoni pale kwenye maji ya kifuani, mahali wanawake wanafulia, na kwa mwezi mmoja angekuwa anavuka ghuba. Alichotakiwa kusema ni neno moja, na hakulisema, kwa sababu ya kicheko cha sebuleni kwetu.

Nikamwambia Nestory achukue tyubu apande gari.

Kwa akina Chenge palikuwa na ua wa minyaa mirefu kuliko mtu, na nafasi moja ya kupitia, na zizi la ng'ombe upande wa ndani. Tulikuta watu wamekaa nje ya ua. Mwili nao ulikuwa nje, chini ya turubai. Hapo ndipo nilipoelewa kinachoendelea, kabla hata sijaambiwa.

Katika ukoo wao, mtu aliyejitoa uhai haingii. Anachimbiwa nje ya minyaa, upande wa porini, bila nyimbo, na watu wanarudi nyumbani bila kugeuka. Katekista alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti, vitabu vyake vimefungwa ndani ya kitambaa, akingoja aambiwe kama ana kazi au hana. Vijana wenye majembe walikuwa wamesimama upande wa nje, lakini hawajaanza.

Mama yake Chenge alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kanga kichwani. Niliwahi kumwona mara moja tu, alipokuja mjini kuleta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Siku ile alinishika mkono akaniita mwanawe. Sasa alikuwa anaongea na Mzee Shimba, na hakupunguza sauti tulipofika.

"Mimi ndiye ninayemjua," alikuwa akisema. "Tangu mdogo hata lambo la ng'ombe aliliogopa. Wenzake wakioga, yeye anawashikia fimbo. Huyo leo anavua nguo, anakunja, anaingia ziwani. Shimba, niambie alifuata nini. Niambie kitu kingine nami nitashukuru."

Kisha akamwona baba yangu, akageuza uso.

Baba alitoa pole. Mzee Shimba akaipokea, akamwonyesha pa kukaa, na watu wote waliokuwepo wakamwangalia jinsi anavyokaa. Sijapata kumwona baba akiwa mdogo vile. Alikaa ameshika magoti.

Nestory alijikaza. Alipita mbele na tyubu yake, akawaamkia wazee, akaeleza kama alivyonieleza mimi, kuhusu Jumapili asubuhi, kuhusu kamba, kuhusu Misungwi. Alipofika mahali pa kusema ameficha tyubu, aliiweka chini mbele ya wazee.

Mzee Shimba alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mkali. "Mjomba, asante," alisema. "Ni rafiki mzuri. Tyubu ziko nyingi Mkuyuni. Mimi nauliza moja: mtu mzima, fundi, mwenye kazi yake, anaamka Jumapili anakwenda kujifunza kuogelea. Kwa ajili gani? Anataka kuwa mvuvi?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Anamfichia mwenzake."

Nestory akanitazama. Mzee Shimba akafuata macho yake mpaka kwangu.

Baba naye alinitazama. Hakujua ninachokijua, lakini alinijua mimi, na macho yake yaliniambia nikae kimya. Mama alinishika gauni kwa nyuma.

Vijana walikuwa wanaangalia mahali pa kuanzia kuchimba, kule nje, penye mchanga.

Nikasimama. "Shikamooni," nilisema. Wachache wakaitikia. "Alikuwa anajifunza kwa ajili yangu. Tulikuwa tunakwenda Unguja."

"Nani na nani?" Mzee Shimba aliuliza.

"Mimi na yeye."

"Mkishafunga ndoa."

Alinipa mlango wa kutokea. Nafikiri alifanya makusudi, alikuwa mzee mwema. Lakini kila mtu pale alijua kwamba ndoa ilikuwa imekataliwa, na nikisema ndiyo, maneno ya Nestory yangeanguka pamoja na yangu, na majembe yangeanza.

"Hapana," nilisema. "Pasaka hii. Baba hakujua. Nyumbani ningesema nakwenda Tabora."

Nilisikia mama akiachia gauni langu.

"Tulipanga kila kitu cha kufanya huko. Mimi nilitaka tuogelee. Alishamwambia baba yangu kwamba anayajua maji, mlikuwepo Mzee Shimba, mlisikia. Mimi nikaamini. Kila nikitaja kuogelea alisema iwe siku ya mwisho. Sasa najua alikuwa anatafuta muda wa kujifunza. Mtu aliyekuwa anajiandaa kwa Pasaka asingejiua kabla ya Kwaresima kwisha."

Mbuzi mmoja alikuwa anavuta turubai, mtu akamfukuza.

Mzee Shimba akanyoosha mkono, akaomba kamba.

Aliipitisha vidoleni kutoka upande mmoja mpaka mwingine, polepole. Kwenye tyubu palikuwa na fundo. Akaligusa, akavuta ncha yake fupi, na fundo likafunguka lote kwa mara moja. Akalifunga tena vile vile bila kuangalia, akalifungua tena.

"Hili ni fundo la ndama," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Unamfunga ndama mama yake akikamuliwa, ukimaliza unavuta ncha tu, unamwachia. Halikazi." Akaigeukia ncha nyingine, ile iliyokuwa imelegea, yenye alama za kukunjwa. "Na huku alifunga jiwe. Hakuwa na mtu wa kumshikia, akajifunga kwenye jiwe kama anavyojua. Wimbi limevuta ncha."

Akaweka kamba chini mbele ya mama yake Chenge.

"Shemeji, mtu anayetaka kufa hajifungi kamba."

Mama yule aliichukua kamba akaiweka mapajani. Mzee Shimba akasimama, akavaa kofia, akawaambia vijana, "Ingieni ndani. Karibu na baba yake." Katekista akafungua kitambaa chake.

Nimefikiri mara nyingi juu ya kamba ile. Kama mzee angeishika kabla hajaniuliza, nisingekuwa na haja ya kusema chochote.

Watu walianza kuubeba mwili kuuingiza. Nikafuata. Kwenye ile nafasi ya kupitia katikati ya minyaa mama yake Chenge alikuwa amesimama, kamba bado mkononi, na nilidhani ananisubiri anikumbatie. Nilikuwa nimekwishafungua mikono.

"Asante kwa kumrudisha ndani," alisema.

"Pole, mayu," nilimwambia. Kwao ndivyo wanavyomwita mama, na yeye mwenyewe alinifundisha siku ile ya michembe.

"Usiniite hivyo. Nimekaa tangu jana namlaani baba yako kwa mdomo wake. Kumbe mzee wa watu alitania tu. Ni wewe. Ulitaka kucheza na maji, huko mbali, kabla hata hujawa mke wa mtu." Hakuwa analia. "Mwanangu aliogopa maji maisha yake yote na alikuwa hai."

"Sikujua kama hajui."

"Mimi nilijua. Ungeniuliza."

Ningemwulizaje? Nani anamwuliza mama wa mtu kama mwanawe anaweza kuogelea?

"Yeye atalala ndani ya ua wangu," alisema. "Wewe ndani ya ua wangu hutaingia. Leo wala siku nyingine. Ukitaka kumlilia, barabara ni ya serikali."

Akasogea mbele akaziba nafasi kwa mwili wake, mwanamke mdogo tu, na waombolezaji wengine wakapita pembeni yake mmoja mmoja, na mama yangu akiwa miongoni mwao. Nestory pia alipita. Aliniangalia, nikamwashiria apite.

Nilizika kwa masikio. Nilisikia nyimbo, nikasikia udongo. Nilitaka kupanua matawi nichungulie, lakini minyaa ikivunjika inatoa utomvu mweupe, ukiingia machoni unapofua, kwa hiyo nilisimama hatua moja nyuma na kutazama kijani kitupu. Sala ya mwisho niliitikia peke yangu, upande wangu.

Baba hakuingia. Alikuwa ameegemea pikapu barabarani, amefungua kifungo cha juu cha shati, kitu ambacho hakufanya kamwe. Nilimsogelea kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kumsogelea.

"Sasa wamejua hukuhusika," nilimwambia.

"Wamejua," alisema. "Wamejua pia kwamba nyumba yangu ina mlango nisiouona. Umenikalisha pale, mbele ya watu wale, nasikia habari za binti yangu pamoja na wapita njia."

"Wangemzika porini, baba."

"Najua." Akautazama ule ua. "Ungeniambia mimi kwanza. Ningeyasema mimi kwa namna yangu."

"Ungeyasema?"

Baba alifuta kioo cha gari kwa kiganja, mahali palipokuwa safi.

"Wewe ndiye uliyecheka," nilisema. "Angekuwa na haja gani ya kudanganya kama usingecheka?"

"Nilicheka kama wanaume wanavyotaniana."

"Yeye hakujua kama ni utani."

Baba akafunga kifungo cha shati. Akaniambia, kwa sauti ile ya upole aliyowaambia wasio na tiketi, kwamba yeye na mama watachelewa kurudi, kwamba nitangulie Mkuyuni kwa gari la abiria, nichukue nguo zangu na cherehani, ufunguo niuache kwa jirani. Kisha akaenda kumngoja mama upande wa pili wa gari, ili tusisimame pamoja.

Hivyo ndivyo nilivyotoka nyumbani. Nimepanga chumba hapo hapo Mkuyuni, na bado nashona. Nestory anakiendesha kibanda peke yake. Redio amejifunza kidogo kidogo, lakini stesheni za mbali hana habari nazo. Baba nikikutana naye kanisani namwamkia, anaitikia marahaba kama anavyomwitikia mtoto yeyote. Unguja sijafika. Walioenda wameniambia kwamba maji yake kweli hayanyweki, na kwamba ng'ombe wanakunywa ya visimani.

Mama yake Chenge yuko hai, ana nguvu, na minyaa yake imerefuka. Kama wangemzika nje ningekuwa nimeshapalilia kaburi lake na kupanda maua.

Kila Kwaresima nakwenda Usagara. Nashuka mbele ya ule ua, nasimama upande wa barabara mpaka gari linalofuata lije, halafu napanda.